Habari, Historia, Maisha: Vitabu vya Kwetu na Wachapishaji Wao Wadogo

Mwaka 2002 mchapishaji mmoja mdogo wa Dar es Salaam, Mkuki na Nyota, alitoa vitabu viwili vilivyoingia dukani kama vitabu vipya, ilhali ni vizee kuliko wengi wetu tunaosoma jarida hili. Kimoja ni Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera cha Petro Itosi Marealle, kilichotoka mara ya kwanza 1947. Cha pili ni tafsiri ya Kiingereza, iliyofanywa na Gabriel Ruhumbika, ya riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Muswada wa Kikerewe wa riwaya hiyo ulikamilika 1945. Kwa hiyo vitabu hivi ni rika moja, na mchapishaji aliyeviweka pamoja katika mwaka mmoja hakukosea.

Sisi watu wa fasihi tulikipokea hicho cha pili kwa mikono miwili. Cha kwanza tuliwaachia watu wa historia. Nao, kwa jinsi ninavyowajua, waliwaachia watu wa sosholojia, na watu wa sosholojia sijui waliwaachia nani. Ukimwuliza mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayesoma nathari ya Kiswahili kama amewahi kumsoma Marealle, atakuuliza: yule chifu? Kumbe chifu naye aliandika?

Dai la makala hii ni moja. Vitabu hivi viwili ni vya ukoo mmoja, na ukoo huo ni mkongwe kuliko riwaya ya Kiswahili yenyewe. Nauita ukoo wa kitabu cha kwetu, yaani kitabu kinachosimulia habari za mahali pamoja au watu wa mahali pamoja, kilichoandikwa na mtu aliyeishi humo, na ambacho wasomaji wake wa kwanza ni majirani. Umeishi kwa wachapishaji wadogo: mashine ya misheni, mfululizo wa vijitabu wa idara, kampuni ya watu wachache. Na kwa kuwa wahakiki hatukuusoma, tumeuacha usomwe kama ghala tu, mahali pa kuchotea mambo ya kweli, wala si kama usimulizi wenye fani yake.

Atakayetaka ushahidi wa haraka na autazame mwanzo wa riwaya tunaofundishwa darasani. Wengi hukitaja Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha mwaka 1934, kuwa ndicho riwaya ya kwanza ya Kiswahili. Haya, kitabu hicho kinasimulia nini? Kinasimulia watu waliokombolewa utumwani na jinsi walivyokaa Freretown, Mombasa. Ni historia ya mtaa! Mwandishi ni mtoto wa mtaa huo huo. Tumekiingiza katika orodha ya riwaya kwa sababu kilitufaa katika orodha, na ndugu zake tumewaacha mlangoni.

Magila, 1895

Tuanze basi na huyo ndugu mkubwa. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, kilianza kuchapwa 1895 katika mashine ya misheni ya UMCA huko Magila, karibu na Muheza. Kilitoka kwa sehemu tatu na sehemu ya mwisho ilifika 1907. Hesabu mwenyewe: kati ya sehemu ya kwanza na ya mwisho ni miaka kumi na miwili. Msomaji aliyekuwa kijana wa shule alipopata ya kwanza alikuwa na watoto alipopata ya tatu. Ndivyo mchapishaji mdogo alivyokwenda, na ndivyo anavyokwenda hata sasa: kazi nyingine za misheni zilikuwa nyingi, sala na mafunzo na gazeti la Habari za Mwezi, na historia ilingoja zamu yake.

Abdallah hakuwa Msambaa. Alizaliwa Unguja, akaingia Usambara, akaishi kati ya wakubwa wa Kikilindi katika miaka ile ya vita vya urithi vilivyofuata kifo cha Kimweri ye Nyumbai. Kwa hiyo kitabu chake kina nyuso mbili ambazo mhakiki lazima azione. Sehemu za mwanzo ni mambo aliyosimuliwa. Sehemu za mwisho ni mambo ya wakati wake, mengine aliyoyaona kwa macho yake. Sauti inabadilika. Pale mwanzo msimulizi anatembea taratibu kama mtu wa ngano, kila mhusika anapewa nafasi ya kusema na kujibiwa. Baadaye anaharakisha, majina yanakuwa mengi, watu wanakufa kabla hujawajua. Mwanahistoria ataipenda hiyo sehemu ya pili. Mimi nasema sanaa kubwa iko katika ile ya kwanza, nayo ni habari ya Mbegha.

Kwa wasioijua nitaieleza kwa ufupi. Mbegha ni mtu wa Unguu, mwindaji. Alipokuwa mtoto meno yake ya juu yalitangulia kuota, naye mtoto wa namna hiyo ni kigego, mwenye mkosi, na desturi ilimtaka auawe. Wazazi walimpenda wakamwacha aishi. Walipokufa, ndugu wakamnyima urithi na kumtwika misiba ya ukoo mzima. Akaondoka na mbwa wake na mikuki, akafika Kilindi, akachanjiana na mtoto wa mkubwa wa huko. Wakaenda kuwinda nguruwe, na yule kijana akafa mawindoni. Mbegha akakimbia tena. Akaishi porini, akapanda milima ya Usambara, akawa anawaua nguruwe waliokuwa wakila mashamba ya watu na kuwagawia watu nyama. Sifa zikamtangulia. Watu wa Bumbuli wakampa mke. Watu wa Vuga wakamtaka awe wao, na njiani, usiku, akaua simba. Aliyeingia kama mgeni akawa mfalme, na wafalme waliomfuata wakaitwa simba.

Sasa itazameni hiyo kama wahakiki. Mtu anafukuzwa mara mbili, kila mara kwa kosa ambalo si lake: mara ya kwanza meno, mara ya pili nguruwe. Kinachomfukuza ni cha mwituni, na kinachompa utawala pia ni cha mwituni. Nguruwe aliyemfanya mkimbizi ndiye anayemfanya mfadhili. Hakuna anayeshindwa vitani. Watu wenyewe wanamwomba. Huu ni usanii wa mtu anayejua anachotaka msikilizaji akubali, yaani kwamba Wakilindi hawakuuteka Usambara bali walikaribishwa. Kila tukio linafanya kazi hiyo, hata yale yanayoonekana kuwa ya kujifurahisha tu.

Aliyeisoma habari hii kwa namna ya karibu kuliko wote hakutoka katika idara ya fasihi. Ni mwanahistoria wa Marekani, Steven Feierman, katika kitabu chake The Shambaa Kingdom cha 1974. Alikwenda milimani, akakusanya masimulizi mengi ya Mbegha kutoka kwa wazee, akayalinganisha. Akaonyesha jinsi kisa kinavyosimama juu ya jozi za mambo: nyama na ndizi, pori na nyumba, mwindaji na mkulima. Mbegha analeta nyama, watu wanampa chakula cha shambani, na katika kubadilishana huko mtu wa pori anakuwa mtu wa nyumbani. Feierman hakukichukulia kisa kama taarifa ya mambo yaliyotukia siku fulani. Alikichukulia kama hoja juu ya utawala, iliyosemwa kwa lugha ya ngano. Hii ni kazi ya mhakiki wa fasihi, bwana! Tulipokuwa tukibishana kama fani inatangulia maudhui au maudhui yanatangulia fani, mtu wa historia alikuwa tayari amepita shambani kwetu akavuna.

Ila kuna jambo moja ambalo naona linahitaji kusemwa na watu wa fasihi, nalo linahusu mchapishaji. Magila iko wapi? Iko Bonde. Na Wabondei ndio walioinuka dhidi ya Wakilindi mwishoni mwa miaka ya 1860, katika machafuko yanayokumbukwa kwa jina la Kiva, wakawaua na kuwafukuza watawala wale katika nchi yao. Kwa hiyo kitabu cha sifa za Wakilindi kilipigwa chapa katikati ya nchi ya watu walioukataa utawala wa Wakilindi, miaka isiyofika thelathini baada ya tukio. Wapo wasomaji ambao baba zao walishika silaha katika Kiva. Wapo pia wajukuu wa waliokimbia. Fikiria kusoma kitabu hicho kwa sauti barazani, jioni, mbele ya watu wa namna hiyo. Ukisema Kimweri alikuwa mkubwa, mmoja atatikisa kichwa na mwingine ataguna.

Hapo ndipo unapoelewa kwa nini Abdallah anasimulia kwa maneno ya watu wenyewe, huyu kasema hivi, yule kajibu vile, badala ya kutoa hukumu zake kila mara. Anaandika mbele ya majirani wanaoweza kumsuta. Mchapishaji mkubwa, mwenye wasomaji asiowajua, hampi mwandishi hofu ya namna hiyo. Hofu hiyo ni sehemu ya fani ya kitabu.

Neno habari

Tulitazame na jina. Abdallah hakuita kitabu chake historia. Alikiita habari, kama ilivyoitwa Habari za Pate, ambayo matoleo yake kadhaa yalitokana na masimulizi ya Bwana Kitini, na kama ilivyoitwa habari ya Lamu iliyochapishwa 1938. Habari ni kitu kinacholetwa na mtu. Ukileta habari utaulizwa: umeipata wapi? nani kakwambia? ulikuwepo? Neno lenyewe linamfunga msimulizi awe na uso, awe mtu anayeweza kuulizwa. Historia haiulizwi hivyo, maana imekuja imevaa koti.

Neno hilo la pili ndilo linalotawala majalada kufikia miaka ya 1950. Kulikuwa na East African Literature Bureau, idara ya uchapishaji iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na makao yake Nairobi, na chini yake jina la Eagle Press. Idara kwa ukubwa wake haikuwa ndogo. Lakini vitabu vyake vya mila na masimulizi vilikuwa vijitabu vya uchapishaji mdogo hasa: karatasi za kawaida, kurasa chache, kila kabila na kitabu chake. Mathias Mnyampala alitoa humo Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika mwaka 1954.

Mnyampala sisi tunamjua kwa ngonjera. Kila mwanafunzi wa sekondari amewahi kusimamishwa mbele ya darasa akisema upande wa mjinga au upande wa mwerevu. Kwamba mtu huyu alikuwa karani aliyekusanya habari za koo za Ugogo kwa uvumilivu mkubwa, hilo halimo katika madaftari yetu. Alizaliwa 1917 huko Ugogo, wakati ambapo njaa iliyokumbukwa kwa jina la Mtunya ilikuwa inaanza, njaa iliyotawanya familia na kuua watu wengi sana hadi 1920. Mtu aliyelelewa baada ya mtawanyiko wa namna hiyo ana sababu ya kuandika nani ni wa ukoo gani na walitoka wapi.

Kitabu chake kina mvutano ambao ukiusoma vizuri utafurahi. Jina la jalada linasema Wagogo, kama vile ni watu wa asili moja tangu mwanzo. Ndani yake koo zinakuja kutoka huku na huko, hawa wametoka Uhehe, wale wametoka kwingine, na hata jina la Wagogo lenyewe husimuliwa kuwa lilitolewa na wasafiri Wanyamwezi waliowakuta watu penye magogo. Kwa maneno mengine, jalada linasema kabila na kurasa zinasema mchanganyiko. Jalada ni la mfululizo, kurasa ni za Mnyampala. Wenye mfululizo walitaka kila kabila liwe na historia, mila na desturi zake, zipangike rafuni kama chupa za dawa. Mwandishi aliwapa walichotaka kwa jina, kisha akaandika alichosikia.

John Iliffe, katika historia yake ya Tanganyika ya mwaka 1979, ameeleza jinsi makabila yalivyojengwa wakati wa ukoloni, si na wakoloni peke yao bali na Waafrika wenyewe waliokuwa na sababu zao. Vitabu vya mila vilikuwa matofali ya ujenzi huo. Hilo ni kweli na mhakiki asilifiche. Lakini ni uvivu kusema basi vyote ni vitabu vya ukabila, tuvitupe. Anayesema hivyo amesoma majalada tu.

Na jambo jingine. Kwa nini Kiswahili? Mnyampala alikuwa Mgogo, Marealle Mchagga. Kama lengo lingekuwa kuwafurahisha watu wa ukoo peke yake, Kigogo na Kichagga vilikuwepo. Wameandika kwa Kiswahili kwa sababu walitaka jirani asikie. Kitabu cha kwetu ni cha kwetu, lakini kimesemwa kwa lugha ambayo mtu wa Lindi ataifuata. Hapo pana siasa nzito kuliko ile ya jalada, na nadhani ndiyo iliyovifanya vitabu hivi vielekee kwenye taifa hata pale vilipokuwa vinazungumzia koo.

Vitabu vya 2002

Turudi kwa Mkuki na Nyota. Kampuni hiyo ilianzishwa 1991 na Walter Bgoya, aliyekuwa ameongoza Tanzania Publishing House tangu 1972. Si siri kwamba mchapishaji mdogo katika nchi yetu hula kwa kitabu cha shule. Kitabu cha shule kina mnunuzi wa lazima. Kitabu cha kwetu kinanunuliwa na mwalimu mstaafu, na mtu aliyerudi nyumbani kwa msiba akakumbuka hamjui babu yake. Kwa hiyo anayekitoa anajua kitakaa ghalani muda mrefu. Anakitoa kwa sababu nyingine.

Marealle alikuwa mangi wa Marangu. Kitabu chake hakiitwi habari wala historia. Kinaitwa Maisha, na tena maisha ya Mchagga, mmoja, hapa duniani na ahera. Hilo ni neno la mtunzi. Jina hilo linakifuata kitu ambacho orodha za mila kwa kawaida hazina: mwendo. Mtu anazaliwa, anakua, anaoa, anazeeka, anakufa, na kitabu hakikomi kwa sababu wafu bado wana shughuli na walio hai. Huo ni muundo wa usimulizi. Mhusika wake ni Mchagga asiye na jina, ambaye anaweza kuwa babu yako. Riwaya nyingi tunazozisifu zina wahusika wenye majina na hazina mwendo huo.

Lakini nisiwe wakili wa mtu. Mchagga huyo wa Marealle anaonekana kwa macho ya mangi. Pale nyumbani pana mwanamke anayekata majani ya ng'ombe na kubeba ndizi hadi sokoni, na sauti yake katika vitabu vya namna hii ni hafifu, kama haipo. Abdallah naye aliandika kitabu cha watawala. Mtu wa kawaida wa Usambara anapata nyama kwa Mbegha, kisha anapotea katika kisa mpaka atakapohitajika kufa vitani. Feierman ndiye aliyekwenda kuwauliza wakulima wenyewe, nao wakawa na namna yao ya kumpima mtawala: je, anaponya nchi au anaiharibu? Watu wa historia za kwetu wengi wao ni machifu, makarani na walimu. Swali la nani anasema na nani ananyamazishwa ndilo swali letu la kila siku tunapohakiki tamthilia. Kwa nini tunaliacha nyumbani tukifika hapa?

Kwa Kitereza hali ni nyingine. Alizaliwa 1896, akasoma kwa mapadri, akamaliza muswada wake 1945, akazunguka nao miaka na miaka bila mchapishaji. Lugha ya Kikerewe haikuwa na soko. Mwishowe akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikatoa vitabu viwili mwaka 1980. Kutoka 1945 hadi 1980 ni miaka thelathini na mitano. Kitereza alikufa 1981 kabla ya kuishika kazi yake mkononi.

Riwaya hiyo ina kisa chepesi kukieleza. Mume na mke hawana mtoto, ndugu wanasema maneno, mke anachukuliwa na wazazi wake, mume anamfuata na kulipa pombe aliyotozwa, wanatafuta mganga, watoto wanapatikana. Mwanafunzi anayetafuta mgogoro na kilele atachoka mapema, maana Kitereza hana haraka. Atakueleza pombe ya ndizi inavyotengenezwa tangu ndizi zinapoivishwa mpaka inapomiminwa. Atakueleza salamu yote, na jibu lote la salamu. Nimewasikia wenzangu wakisema kitabu hiki kingepunguzwa. Kipunguzwe nini? Ukiondoa pombe umeondoa kitabu. Mzee huyu aliandika historia ya Ukerewe kwa njia ya ndoa moja, na aliyeikubali kama riwaya hana budi kukubali kwamba maelezo ya mila yanaweza kuwa sanaa. Akishakubali hilo, atamfungiaje mlango Marealle?

Linalonisumbua ni kwamba mwaka ule wa 2002 Kitereza alirudi kwa Kiingereza. Tafsiri ya Ruhumbika ni kazi kubwa, naye mwenyewe ni mwandishi wa Kiswahili na mtu wa Ukerewe, hakuna wa kumfundisha. Lakini mtu aliyehangaika kuitoa kazi yake katika Kikerewe na kuitia katika Kiswahili ili majirani wasikie, sasa anasomwa zaidi na watu wa mbali kuliko majirani. Habari za Wakilindi ilipita njia hiyo hiyo. J.W.T. Allen aliihariri upya ikatolewa na ile idara ya Nairobi mwaka 1962, na tafsiri ya Kiingereza, The Kilindi, ikafuata 1963. Mnyampala pia: tafsiri ya Gregory Maddox ilitoka Marekani 1995. Wanafunzi wa huko wanaijadili. Hapa kwetu, nilipokitafuta kitabu cha Kiswahili cha 1954 katika maktaba moja, kadi ilikuwepo na kitabu hakikuwepo. Mhudumu alinitazama kwa huruma akasema, "Hicho, mdogo wangu, kiliazimwa siku nyingi." Wala hakusema na nani.

Idara ile ilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na mali zake zikagawanywa. Vitabu vya shule vilipata wa kuvirithi. Vijitabu vya mila havikugombaniwa. Hii ndiyo hatari ya kitabu kinachotegemea mlango mmoja: mlango ukifungwa, kitabu kinakuwa nje. Mara nyingine mlango mwingine unafunguka mahali usipotarajia, kama wasifu wa Mnyampala alioandika mwenyewe, Maisha ni Kugharimia, uliotolewa na mchapishaji mdogo wa Ufaransa mwaka 2013, miaka arobaini na minne baada ya yeye kufa. Mhariri wake, Mathieu Roy, amefanya jambo ambalo lingefaa kufanywa Dodoma.

Nasema haya nikiwa na sababu yangu. Baba mkubwa ana madaftari matano ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma, aliyoyajaza habari za kijiji chetu: nani alichimba kisima gani, kwa nini watu wa ng'ambo ya mto hawaoi kwetu, mwaka wa nzige, siku lori la kwanza lilipokwama. Aliyapeleka kwa mchapishaji mmoja ambaye simtaji. Akaambiwa arudi akishayapanga kwa mada, kwani hivyo yalivyo si historia wala si hadithi. Alirudi nayo nyumbani akayatia katika sanduku la bati kwa kuogopa mchwa. Nilipoyasoma likizo iliyopita niliona kwamba hakuna ukurasa unaoanza bila kumtaja aliyemwambia: habari hii nimepewa na fulani, mke wa fulani. Ni wanawake wengi kuliko wanaume. Hakuna mangi wala karani. Aliyemwambia ayapange kwa mada alikuwa anataka ayaondoe hayo majina.

Kwa hiyo nikiulizwa ni toleo gani jipya ningependa mchapishaji mdogo wa leo alitoe, nitasema Habari za Wakilindi, sehemu zote tatu pamoja, kwa Kiswahili chake. Iwe na ramani inayoonyesha Vuga, Bumbuli, Mazinde na Magila kwenye ukurasa mmoja, ili msomaji aone jinsi kitabu kilivyochapwa chini ya mlima na habari zake zilivyotoka juu. Iwe na maelezo ya maneno ya Kisambaa. Iwe na dibaji iliyoandikwa na mtu wa fasihi akishirikiana na mzee wa Bonde, yule ambaye babu yake alikuwa upande wa pili wa Kiva. Na kama bei haitaruhusu yote hayo, dibaji inaweza kupunguzwa. Ramani ibaki.